Jiji Linalokula Udongo wa Wengine

Malori huingia Dar es Salaam usiku, foleni ya Barabara ya Morogoro ikiwa imepungua. Yamebeba ndizi za Rungwe, mahindi ya Iringa na Ruvuma, viazi vya Njombe, mchele wa Kyela. Mengine hushusha Mabibo, pale wenyeji wanapopaita Mahakama ya Ndizi. Mengine huishia Tandale kwenye nafaka, au hupitiliza hadi soko la Temeke Stereo. Kunapopambazuka madalali wameshapanga bei na wachuuzi wameshajaza mikokoteni. Upo mzigo mmoja tu usiopimwa wala kuandikwa kwenye stakabadhi. Gunia la mahindi la kilo 100 lina takriban kilo moja na nusu ya nitrojeni na zaidi ya robo kilo ya fosforasi. Tani 10 za ndizi zina potasiamu isiyopungua kilo 30. Vyote hivyo vilichotwa na mizizi kutoka katika shamba la mtu huko bara, na shamba hilo halitaviona tena.

Nitrojeni haimalizwi kwa kuliwa, wala fosforasi haiishi kwa kupikwa. Mlaji huitumia kwa muda, kisha huitoa. Kwa hiyo mji wenye watu 5,383,728, kwa Sensa ya mwaka 2022, hauwezi kuingiza virutubisho kila usiku bila kuvipeleka mahali fulani. Swali ni wapi. Likifuatiliwa kuanzia msitu wa Pugu hadi matuta ya mchicha, vyoo vya Mbagala na dampo la Pugu Kinyamwezi, linaonyesha kwamba tatizo la Dar es Salaam si uhaba wa rutuba. Rutuba ipo tele, ila njia ya kurudi udongoni imekatwa, na imekatwa mahali panapojulikana.

Msitu usionunua mbolea

Ukingoni mwa jiji bado imebaki misitu ya asili: Pugu na Kazimzumbwi upande wa Kisarawe, na Pande kaskazini, karibu na Mabwepande. Milima ya Pugu inajulikana kwa kaolini, udongo mweupe wa mfinyanzi unaotafutwa na viwanda vya vyombo vya kauri na karatasi. Kwa mkulima, kaolini si habari njema. Ni mfinyanzi uliooshwa na mvua kwa muda mrefu mno, na uwezo wake wa kushika virutubisho ni mdogo. Hata hivyo msitu ulio juu yake umesimama miaka na miaka bila mtu kuupelekea hata kikombe cha mbolea. Akija mtu akafyeka kipande na kupanda mahindi, misimu michache baadaye analalamika kwamba ardhi imechoka.

Siri haiko kwenye mchanga wala mfinyanzi. Akiba kubwa ya msitu wa namna hii imo ndani ya viumbe vyenyewe, katika majani yaliyoanguka, na katika sentimita chache za juu za udongo. Jani likidondoka, mchwa, jongoo na nyungunyungu hulikatakata. Kuvu hufuata na kuvunja sehemu ngumu za mti ambazo bakteria wengi hawaziwezi. Bakteria nao humalizia protini na kuachia amonia. Kundi jingine la bakteria, lililoelezwa na mwanasayansi Sergei Winogradsky mwishoni mwa karne ya 19, huigeuza amonia hiyo kuwa nitriti, kisha nitrati, na mizizi huinywa. Gramu moja ya udongo hai inaweza kuwa na bakteria wanaokaribia bilioni moja, na kila mmoja anakula kwa ajili yake mwenyewe. Mmea huokota kinachobaki.

Ndiyo maana kufyeka na kuchoma huonekana kuleta baraka mwanzoni. Majivu huachia kwa siku moja potasiamu, chokaa na fosforasi ambavyo msitu ungevitoa kidogokidogo kwa miaka. Lakini nitrojeni nyingi huondoka na moshi, na masika ya kwanza hubeba sehemu ya kilichosalia.

Hasara ndogo za msitu hufidiwa kwa njia mbili, na kila moja ina mipaka yake. Asilimia 78 ya hewa ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Baadhi ya bakteria wanaweza kuibadilisha, wakiwemo wale wanaoishi katika vinundu vya mizizi ya mikunde. Mkulima wa kunde anaweza kuwakagua mwenyewe: aking'oa mche na kupasua kinundu, akakuta rangi ya waridi ndani, kazi inaendelea, akikuta cheupe au cha kijani, kinundu hicho hakimpi kitu. Kazi hiyohiyo mkemia Fritz Haber aliionyesha maabarani nchini Ujerumani mwaka 1909 kwa joto kali na mgandamizo mkubwa, na kufikia 1913 kiwanda cha kwanza kilikuwa kinazalisha amonia huko Oppau. Urea inayouzwa leo kwenye maduka ya pembejeo imezaliwa na mbinu hiyo, na hutegemea gesi asilia au makaa. Ndiyo maana vita vya Ukraine vilivyoanza Februari 2022 vilimfikia hadi mkulima wa Songea.

Fosforasi haina gesi ya kutegemea. Hutoka kwenye miamba, na isiporudishwa inatoweka. Tanzania ina mfano wake wa kipekee: fosfati ya Minjingu, mkoani Manyara, ambayo chimbuko lake ni kinyesi na masalia ya ndege na samaki wa ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Ziwa Manyara la leo. Mbolea inayochimbwa pale ni choo cha ndege kilichosubiri miaka mingi mno. Katika udongo mwekundu wenye chuma na aluminiamu, fosforasi hukamatwa kwa nguvu hata mizizi ikashindwa kuifikia. Hapo ndipo kuvu za mikoriza huingia. Nyuzi zake nyembamba kuliko unywele hupenya mbali zaidi ya mzizi, huleta fosforasi, na hulipwa sukari. Muhogo, zao la wenyeji wa pwani, hutegemea sana ushirika huo. Hiyo ni sababu mojawapo ya muhogo kuota mahali ambapo mahindi yamekata tamaa.

Mzunguko unaofunga vizuri si lazima uwe mpole. Katika Mto Mara, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2017 walikadiria kuwa nyumbu wapatao 6,250 hufa maji kwa mwaka wakati wa kuvuka. Nyama huliwa na tai, mamba na samaki katika wiki chache, na mifupa huendelea kuachia fosforasi mtoni kwa takriban miaka saba. Ni vifo vingi, lakini virutubisho vinabaki katika mfumo uleule. Jiji halifi kwa wingi namna hiyo, ila linapoteza zaidi.

Mchanga wa Mbagala

Sehemu kubwa ya Temeke na Kigamboni, kuanzia Mbagala na Chamazi hadi Kibada, imekaa juu ya mchanga wa pwani. Kinondoni nayo ina mchanga mwingi kuelekea Bunju na Boko, ingawa penye miinuko kuna udongo mwekundu wenye mfinyanzi kidogo. Mvua ni ya kutosha, karibu milimita 1,100 kwa mwaka, nyingi zikija na masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Katika ardhi hiyo mvua nzuri ni neema yenye gharama. Maji hupita mchangani na virutubisho vyake kama tui linavyopita kwenye kifumbu.

Kemia yake ni nyepesi kuielewa. Chembe za mfinyanzi na za mboji zina chaji hasi, kwa hiyo hushikilia virutubisho vyenye chaji chanya: amoniamu, potasiamu, kalisi, magnesi. Mchanga karibu hauna chaji. Nitrati yenyewe ina chaji hasi, hivyo hata mfinyanzi hauishiki. Mvua kubwa ikinyesha inateremka nayo chini ya mizizi. Mkulima aliyemwaga urea Jumatatu na mvua ikapiga mfululizo wiki nzima ameweka mbolea kwenye maji ya ardhini. Mboji ndiyo inayobadilisha hali, kwa sababu kilo kwa kilo hushika virutubisho mara nyingi zaidi ya kaolini, na juu ya hapo hushika maji.

Tatizo la mboji ni joto. Wastani wa joto la Dar es Salaam ni kama nyuzi 26, na kwa ujumla kasi ya uozo huongezeka karibu maradufu kila joto linapopanda kwa nyuzi 10. Rundo la taka za jikoni ambalo Ulaya lingechukua karibu mwaka kuiva, Tegeta huweza kuwa mboji kwa miezi mitatu likigeuzwa na kunyunyiziwa maji. Lakini vijidudu haviachi kula mboji ikishaiva. Vinaendelea kuila ndani ya tuta, na kaboni yake hurudi hewani. Mkulima wa pwani hawezi kurutubisha mara moja akapumzika. Anapaswa kuongeza kila msimu, na hapo ndipo suala la wapi ataipata mboji linapokuwa suala la mji mzima.

Hesabu ya tuta la mchicha

Tafiti za miaka ya 1990 zilikadiria kwamba karibu asilimia 90 ya mboga za majani zilizouzwa katika masoko ya Dar es Salaam zilitoka ndani ya mji wenyewe: kwenye viwanja vya wazi, chini ya nyaya za umeme mkubwa, kandokando ya mito na nyuma ya nyumba. Ujenzi umemeza maeneo mengi tangu wakati huo, lakini bonde la Msimbazi, kingo za Mto Kizinga na mabonde ya Kinondoni bado yana matuta ya mchicha, matembele, chainizi na figiri.

Mchicha ni zao la haraka. Wiki tatu hadi nne tangu kupandwa unang'olewa, unafungwa mafungu na kuuzwa, na tuta linaandaliwa upya. Kila uvunaji huondoka na nitrojeni na potasiamu nyingi kwa sababu kinachouzwa ni majani, sehemu ya mmea iliyojaa virutubisho hivyo. Kwa mwaka, tuta moja linaweza kuvunwa mara nyingi kuliko shamba la mahindi linavyovunwa kwa miaka kadhaa. Bila kurudishiwa kitu, mchanga huo usingemaliza hata msimu.

Kinachorudishwa mara nyingi ni samadi ya kuku. Biashara ya kuku wa nyama na wa mayai imeenea Kinondoni, Ubungo na Temeke, na chakula chao, yaani pumba, mashudu ya alizeti na dagaa, hutoka bara na kwenye maziwa makuu. Hivyo nitrojeni ya alizeti ya Singida na dagaa wa Mwanza huishia kwenye mchicha wa Dar es Salaam baada ya kupita tumboni mwa kuku. Hiki ndicho kipande cha mzunguko kinachofanya kazi mjini, nacho kimejengwa na wafugaji na wakulima wenyewe, bila mpango wa serikali wala mradi wa wafadhili.

Hata hivyo samadi ina masharti yake, na wakulima wazoefu huyajua kwa kuumia. Samadi mbichi ya kuku huunguza mche kwa amonia. Iliyochanganyika na maranda mengi nayo huweza kuufanya mchicha uwe wa njano badala ya kijani. Vijidudu huhitaji kaboni na nitrojeni kwa uwiano fulani ili kujenga miili yao. Maranda yana kaboni mamia ya mara zaidi ya nitrojeni, wakati samadi tupu ya kuku ina kama mara 10 tu. Vijidudu vikikuta maranda mengi huchukua nitrojeni iliyopo udongoni ili kuyala, na mmea hubaki na njaa hadi vitakapomaliza na kufa. Mchanganyiko wenye kaboni mara 25 hadi 30 ya nitrojeni ndio unaooza vizuri. Wiki chache za kulivundika rundo, likiwa na unyevu na likigeuzwa, humaliza ugomvi huo nje ya tuta.

Urea yenye asilimia 46 ya nitrojeni hushinda kwa wepesi na haraka. Mfuko mmoja wa kilo 50 una nitrojeni kilo 23, nao hubebwa kwenye bodaboda. Lakini ikimwagwa juu ya ardhi yenye joto na unyevu bila kufunikwa, sehemu yake hupotea hewani kama amonia, na matumizi yake ya mfululizo huongeza tindikali kwenye mchanga usio na kinga. Tena urea haijengi mboji. Kumtaka mkulima achague upande mmoja, mbolea ya chumvichumvi au samadi, ni ubishi wa bure. Kwenye mchanga, urea kidogo juu ya mboji ya kutosha hukaa muda mrefu kuliko urea nyingi peke yake.

Inakotokea

Sasa virudiwe vile virutubisho vilivyoingia usiku. Watafiti wa usafi wa mazingira wamekadiria kwamba mtu mwenye mlo kama wa Uganda hutoa takriban kilo 2.5 za nitrojeni kwa mwaka, nyingi zikiwa kwenye mkojo, na karibu gramu 400 za fosforasi. Mlo wa Mtanzania hautofautiani sana na huo. Ikizidishwa kwa wakazi wa Dar es Salaam, inapatikana nitrojeni zaidi ya tani 13,000 kwa mwaka, sawa na mifuko zaidi ya nusu milioni ya urea. Ni makadirio ya juujuu, na sehemu kubwa ingepotea hata kama ingekusanywa kwa uangalifu. Lakini yanatosha kuonyesha ukubwa wa kinachopita.

Kinapita wapi? Mtandao wa mabomba ya majitaka unahudumia sehemu ndogo ya jiji. Waliobaki wanatumia vyoo vya shimo na makaro. Shimo likijaa, mwenye uwezo huita gari la kunyonya majitaka, nalo hupeleka mzigo kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti. Asiye na uwezo, au aliyejenga kwenye uchochoro ambao gari haliingii, huchimba shimo jingine. Wapo pia wanaosubiri mvua kubwa wakafanya kile ambacho mji mzima unakiita kutapisha choo. Virutubisho vya Njombe na Rungwe huingia mtaroni, kisha Msimbazi au Kizinga, kisha baharini.

Sehemu nyingine huteremka moja kwa moja. Katika mchanga wa Temeke maji ya ardhini hayako mbali, na baada ya uhaba mkubwa wa maji wa mwaka 1997 visima vilichimbwa kwa wingi mjini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 kuhusu hifadhi ya maji ya ardhini ya pwani ya Dar es Salaam ulieleza matatizo mawili yanayokutana kwenye visima hivyo: maji ya chumvi yanayovutwa kutoka baharini, na nitrati inayotoka juu. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za nitrati kwa lita moja ya maji ya kunywa, hasa kuwalinda watoto wachanga, ambao damu yao inaweza kushindwa kubeba oksijeni ipasavyo. Nitrojeni ileile ambayo mchicha unaililia huku juu ni sumu mita chache chini yake.

Njia ya tatu ni dampo. Makadirio ya miaka ya karibuni yanasema jiji huzalisha zaidi ya tani 4,000 za taka kwa siku, na zaidi ya nusu ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya mboga, vyakula. Dampo limehamahama, kutoka Tabata, ambako wakazi walilipinga mahakamani na kushinda, hadi Vingunguti, Mtoni, na hatimaye Pugu Kinyamwezi. Taka zikizikwa bila hewa, kazi huchukuliwa na vijidudu vinavyotoa methani, gesi inayopasha dunia joto mara zipatazo 28 zaidi ya hewa ukaa kwa uzito uleule katika kipindi cha miaka 100. Si bahati kwamba mradi wa kwanza wa Tanzania kusajiliwa chini ya Mfumo wa Maendeleo Safi wa Itifaki ya Kyoto, mwaka 2007, ulihusu gesi ya dampo la Mtoni, Temeke. Gesi hiyo ilikuwa maganda ya ndizi yaliyokosa hewa.

Kati ya jiji na bahari imesimama mikoko ya Mtoni, Kunduchi na Mbweni. Kwenye tope lake lisilo na oksijeni wapo bakteria wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya nitrojeni na kuirudisha hewani. Kati ya 2005 na 2008 mradi uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikiwemo, ulijaribu katika pwani ya Afrika Mashariki kuona mikoko inavyoweza kuchuja majitaka ya majumbani. Mikoko inasaidia, lakini inachofanya ni kufuta nitrojeni, si kuirejesha shambani. Tena inakatwa.

Kurudisha kwa kuchagua

Jibu rahisi lingekuwa kurudisha kila kitu shambani, na jibu hilo ni la hatari. Agosti 2015 mlipuko mkubwa wa kipindupindu nchini ulianzia Kinondoni kabla ya kusambaa mikoani. Mayai ya minyoo ya tumbo hukaa hai udongoni kwa miezi mingi. Nalo bonde la Msimbazi lina mzigo wa ziada. Mwaka 1999 Bahemuka na Mubofu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha vipimo vya risasi, kadimi, shaba na zinki katika mboga zilizolimwa kandokando ya Msimbazi na Sinza, mito inayopokea maji ya viwanda na karakana. Vijidudu vinaweza kuivunja protini, mafuta na hata dawa nyingi za kuulia wadudu. Risasi haivunjiki. Kila inapozunguka inabaki risasi, na udongo wenye mboji nyingi huishika tu kwa nguvu zaidi.

Kwa hiyo virutubisho vya mji havina hadhi moja. Taka za sokoni ndizo safi zaidi, maana ganda la ndizi na jani la kabichi havijakutana na kiwanda wala choo. Mkojo uliotenganishwa na kinyesi na kuhifadhiwa umefungwa kwa miezi sita unakubalika kwa mazao yote katika miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2006. Kinyesi kinahitaji kuvundikwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 50 kwa siku kadhaa, au kukaa muda mrefu zaidi, na kinafaa kwanza kwa miti na malisho. Maji ya mto uliopita viwandani yawe ya mwisho, na kwa mboga za majani yasiwepo kabisa.

Kinondoni imeshajaribu hatua ya kwanza. Mabwepande, eneo ambako waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011 walipewa viwanja, manispaa ilijenga kiwanda cha mboji kwa ushirikiano na Hamburg, jiji dada la Dar es Salaam tangu 2010. Kilisanifiwa kupokea tani 50 za taka za masoko kwa siku. Tani 50 kati ya 4,000 ni kidogo, lakini hilo silo la kulaumu. La kutazamwa ni kwamba kiwanda cha aina hii huishi au hufa kutokana na kinachotokea kwenye soko lenyewe. Mfuko wa plastiki, chupa na betri vikichanganyika na maganda, mboji hupoteza bei na kupata sumu, na kuchambua baadaye ni ghali kuliko kutenganisha mwanzo. Vivyo hivyo kwa wajasiriamali wanaofuga mabuu ya inzi askari mweusi: mabuu hula taka kwa siku chache na kuwa chakula cha kuku, na mabaki yake huwa mbolea, ilimradi taka zifike zikiwa safi.

Nani anajenga udongo wa kufukuzwa?

Sera za mbolea nchini zimetazama zaidi upande wa kuingiza. Mkutano wa Abuja wa mwaka 2006 uliweka lengo la kilo 50 za virutubisho kwa hekta barani Afrika ifikapo 2015, lengo ambalo nchi nyingi, Tanzania ikiwemo, hazikulifikia. Bei zilipopanda, serikali ilirejesha ruzuku kwa msimu wa 2022/23, ikatenga Sh bilioni 150. Ni msaada wa kweli kwa mkulima wa Mbozi, ambaye kila gunia analouza Dar es Salaam linampunguzia shamba. Lakini ruzuku hujaza upande mmoja wa bomba linalovuja upande wa pili.

Mboji haisafiri mbali kwa faida. Ni nzito, ina maji, na virutubisho vyake kwa kilo ni vichache ukilinganisha na urea. Kuirudisha Njombe kwa lori kungegharimu kuliko thamani yake. Mahali pake ni hapahapa: matuta ya Temeke na Kinondoni, bustani za Kigamboni, mashamba ya Kisarawe na Mkuranga. Kanuni za Kilimo cha Mjini za mwaka 1992 zilikitambua kilimo hiki na kukiwekea mipaka, ikiwemo ukubwa wa eneo na idadi ya ng'ombe. Kanuni hazikumpa mkulima uhakika wa kubaki. Anayelima kwa ruhusa ya mdomo kwenye kiwanja cha mtu, au bondeni ambako kesho kutwa kuna mradi, hana sababu ya kuweka mboji itakayomlipa baada ya misimu mitatu. Ataweka urea, atavuna baada ya wiki nne, na ataondoka akiambiwa. Ukichunguza kwa nini udongo wa mjini haujengwi, jibu mara nyingi liko kwenye karatasi za ardhi kabla ya kuwa kwenye kemia.

Mradi wa Uendelezaji wa Bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, sasa unaupanga upya mto huo na kuwaondoa watu kwenye maeneo ya mafuriko. Ni nafasi ya kuamua mapema mboga zitalimwa wapi, kwa maji gani, na udongo upi upimwe kabla ya kupandwa.

Hatua zenyewe hazihitaji teknolojia ngeni. Manispaa za Kinondoni, Ubungo na Temeke zianze na masoko yao makubwa, yaani Tandale, Mabibo na Stereo, ambako taka zinazooza hukusanyika mahali pamoja kila siku: pipa la maganda peke yake, lori lake, na ushuru wa taka unaompunguzia mfanyabiashara anayetenganisha. Wakulima wa viwanja vya wazi wapewe mikataba ya miaka mitano au zaidi kwenye maeneo yaliyopimwa na kukutwa salama. Magari ya majitaka yasogezewe vituo vya kumwaga karibu na Mbagala na Bunju ili kutapisha choo kusiwe ndiyo njia nafuu kuliko zote. Hadi hapo Dar es Salaam itaendelea kulipia virutubisho mara mbili: mara ya kwanza inaponunua chakula, mara ya pili inapolipa kusafirisha maganda yake kwenda kuyazika Pugu.